Safari ya Pili ya Joseph Haydn London (1794–1795): Muziki, Lugha na Wasikilizaji

Husemwa mara nyingi, hata katika madarasa yetu ya isimu, kwamba muziki ni lugha isiyohitaji mkalimani. Shahidi anayeitwa mara kwa mara kulitetea dai hilo ni Joseph Haydn, mtunzi wa Austria. Yasimuliwa kwamba mwishoni mwa mwaka 1790, rafiki yake Mozart alipomwonya kuwa anakwenda ugenini bila kujua lugha za watu, yeye alijibu kuwa lugha yake inafahamika ulimwenguni kote. Habari hiyo iliandikwa na mchoraji Albert Christoph Dies, ambaye alimtembelea Haydn uzeeni mwake na kuchapisha mazungumzo yao mwaka 1810, mwaka mmoja baada ya mtunzi huyo kufariki. Hatuna sababu ya kuikana. Twakumbusha tu kwamba maneno hayo, kama yalisemwa, yalisemwa na mtu ambaye alikuwa hajaiona London bado.

Makala haya yanahusu safari yake ya pili, ambayo vitabu vingi huipita haraka kana kwamba ni marudio ya ile ya kwanza. Twaiona vingine. Safari ya kwanza ni ya mtu aliyealikwa; ya pili ni ya mtu aliyechagua kurudi, naye alirudi akiwa amekwisha kujifunza jinsi watu wa jiji lile wanavyosikiliza. Kazi alizozitunga kwa ajili ya marejeo hayo ndizo zinazotuonyesha kwamba lugha yake haikufahamika hivihivi tu, bali yeye mwenyewe aliigeuza ili ifahamike.

Kwanza yafaa kukumbuka alikotoka. Haydn alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, karibu na mpaka wa Hungaria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu, na mama yake alikuwa mpishi wa kabaila kabla ya kuolewa. Mwaka 1761 aliingia katika utumishi wa jamaa ya Esterházy, mojawapo ya jamaa tajiri kabisa za Hungaria. Mkataba wake wa kwanza bado upo, na usomaji wake ni wa kusikitisha kidogo: anatakiwa avae sare ya watumishi, ajihudhurishe kila siku katika ukumbi wa nje kusikia kama bwana anataka muziki, na asimpe mtu mwingine nakala ya tungo zake bila ruhusa. Sharti hilo la mwisho liliondolewa katika mkataba mpya wa mwaka 1779, na tangu hapo wachapaji wa Vienna, Paris na London waliweza kuuza kazi zake. Hivyo jina lake lilikuwa limezunguka Ulaya wakati yeye mwenyewe akikaa kwenye jumba la mashambani, mbali na mji wowote mkubwa, akiongoza okestra na opera ya bwana mmoja.

Bwana huyo, Mwanamfalme Nikolaus, alifariki mwezi wa Septemba 1790. Mrithi wake Anton hakuupenda sana muziki; aliwaachisha kazi wanamuziki walio wengi, akamwachia Haydn cheo na malipo ya uzeeni bila kazi ya maana. Malipo hayo yalifika gulden 1.400 kwa mwaka. Ndipo akatokea Johann Peter Salomon, mpiga fidla aliyezaliwa Bonn na kuhamia London, ambako alikuwa mwandaaji wa maonyesho ya muziki. Alikuwa safarini katika nchi za Ujerumani aliposikia habari za msiba ule. Akaenda mbio Vienna kumchukua mtunzi. Waliondoka tarehe 15 Desemba 1790, wakavuka bahari kutoka Calais hadi Dover siku ya mwaka mpya. Haydn alikuwa karibu kutimiza miaka 59, na hakuwa amewahi kuiona bahari.

London waliyoiingia ilikuwa jiji kubwa kuliko yote ya Ulaya; sensa ya mwaka 1801 ilihesabu humo watu karibu milioni moja. Lakini si ukubwa uliomshangaza zaidi mwanamuziki. Vienna nayo ilikuwa na wanamuziki wengi na hodari, ila sehemu kubwa ya muziki wake ilichezwa ndani ya nyumba za makabaila, kwa mwaliko. London iliuza muziki. Mtu mwenye gini tano (gini moja ni shilingi 21) aliweza kununua tiketi ya msimu mzima wa maonyesho kumi na mawili ya Salomon katika kumbi za Hanover Square, zilizofunguliwa mwaka 1775. Si bei ya mtumishi wala ya fundi seremala, hilo tulikubali bila kuficha. Hata hivyo mwanasheria, mfanyabiashara au binti wa daktari aliweza kuketi humo kwa haki ya fedha yake, na kesho yake kusoma gazetini maoni juu ya alichokisikia. Jengo lile lilibomolewa mwaka 1900. Ukumbi wake mkuu haukuwa mkubwa: watu mia tano waliujaza, na mara nyingi waliingizwa wengi zaidi.

Hadhira hiyo ilikuwa na desturi zake, na mgeni hakuwa na budi kuzijua. Onyesho lilianza saa mbili usiku, lakini wengi walifika wakiwa wamechelewa, tena kwa makelele. Kwa hiyo simfonia mpya ya Haydn iliwekwa mwanzoni mwa sehemu ya pili, wakati wote wamekwisha kukaa. Walipopendezwa walipiga makofi katikati ya kazi na kudai sehemu fulani irudiwe papo hapo. Upande wa pili wa mji walikuwako washindani: chama cha wanamuziki kilichoitwa Professional Concert kilimwalika Ignaz Pleyel, mwanafunzi wa zamani wa Haydn mwenyewe, ashindane na mwalimu wake katika msimu wa 1792. Wawili hao walikataa kugombana, wakala chakula pamoja na kuhudhuria maonyesho ya kila mmoja. Simfonia namba 94, ile yenye mshindo wa ghafla katikati ya wimbo wa polepole, ilisikika kwa mara ya kwanza katika msimu huo, tarehe 23 Machi 1792. Wengi husimulia kwamba mshindo ule ulikusudiwa kuwaamsha waliosinzia. Haydn alipoulizwa na Georg August Griesinger, mwandishi mwingine wa maisha yake, alikataa. Alitaka tu, alisema, kuwashtua watu kwa jambo jipya, mwanafunzi wake asije akampita. Jibu hilo ni la mtu aliyekwisha kuielewa hadhira ya kulipa.

Na lugha je? Barua zake kwa Marianne von Genzinger, mke wa tabibu mmoja wa Vienna, zaeleza jinsi alivyotembea msituni asubuhi peke yake akiwa na kitabu cha sarufi ya Kiingereza. Mtu anayeamini kwamba lugha yake inafahamika ulimwenguni kote habebi sarufi msituni. Daftari alizoziandika London zimejaa vitu vya kila namna: bei ya vyakula, kiasi cha makaa yanayochomwa mjini, mizaha, hukumu fupi juu ya waimbaji. Humo pia ameandika juu ya kanisa la Mtakatifu Paulo, alikosikia mwaka 1792 watoto 4.000 wa shule za wasaa wakiimba wimbo mmoja kwa sauti moja. Asema kuwa katika maisha yake hakuguswa na muziki wowote kama ule. Mwaka uliotangulia alikuwa amehudhuria sherehe za kumkumbuka Handel katika kanisa la Westminster, zenye waimbaji na wapigaji zaidi ya elfu moja. Hili la muziki mkubwa ulio mali ya watu wengi kwa pamoja tutalirudia.

Alirudi Vienna katika kiangazi cha 1792. Mji haukumpokea kwa shangwe. Mozart alikuwa amefariki tangu Desemba 1791, Genzinger naye akafariki Januari 1793. Haydn alifundisha vijana, mmojawapo akiwa Beethoven, na akaanza kujitayarisha kurudi London. Hapa ndipo penye ushahidi wetu wa kwanza, kwa kuwa kazi za mwaka 1793 zilitungwa Vienna zikiwa na sikio la London.

Tuchukue kwarteti sita zinazojulikana kama opus 71 na 74. Kwarteti ya fidla mbili, viola na cello ilikuwa muziki wa chumbani: wanne wanacheza, wachache wanasikiliza, na mara nyingine wachezaji wenyewe ndio wasikilizaji. Ndivyo Haydn alivyoziandika kwa zaidi ya miaka thelathini. London, kinyume cha desturi hiyo, Salomon alizicheza kwarteti jukwaani mbele ya mamia ya watu. Basi katika hizi sita mtunzi alibadili mwanzo: karibu zote zinafunguliwa kwa milio mizito ya pamoja, au kwa maneno machache ya polepole yenye nguvu, mfano wa mpiga mbiu anayegonga ngoma kabla ya kutoa habari. Fidla ya kwanza imepewa kazi ngumu na ya kung'aa, kwa sababu Salomon ndiye aliyeishika. Kwa istilahi zetu za isimu, mzungumzaji amebadili rejista kwa kuwa amebadilika msikilizaji. Si kushusha thamani: sehemu za polepole za kwarteti hizo ni za ndani sana, na pengine zasikika hivyo kwa kuwa mlango umekwisha kugongwa.

Aliondoka Vienna tena tarehe 19 Januari 1794, safari hii akiwa na Johann Elssler, mtumishi na mnakili wake. Salomon alikuwa akimngoja. Msimu ulifunguliwa tarehe 10 Februari kwa simfonia namba 99, ya kwanza kati ya simfonia zake kutumia klarineti, ala aliyoizoea katika okestra za London. Tarehe 3 Machi ikafuata namba 101, ambayo mwendo wake wa saa ya ukutani uliipatia jina, na tarehe 31 Machi namba 100, iitwayo ya Kijeshi. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa tangu Februari 1793. Katika sehemu ya pili ya simfonia hiyo, wimbo mtulivu unaingiliwa na matoazi, ngoma kubwa na pembetatu ya chuma. Baadaye tarumbeta moja inapiga mwito wa askari, na okestra nzima inalipuka. Gazeti la Morning Chronicle lilieleza jinsi watu walivyopaaza sauti wakidai irudiwe, na jinsi walivyosikia humo vita vyenyewe na vilio vyake. Ala hizo za Kituruki zilitumika Vienna kwa miaka mingi kuchekesha katika opera. London ya 1794 ilizisikia kwa hofu. Milio ni ileile. Maana imetoka kwa wasikilizaji, kama neno moja linavyobeba jambo moja Zanzibar na jingine Lubumbashi.

Hadhira hiyo haikuwa ya Waingereza watupu, wala wanamuziki wake. Mpiga fidla George Bridgetower, aliyezaliwa Poland mwaka 1778, ambaye baba yake alikuwa mtu wa asili ya Kiafrika aliyewahi kutumikia kwa Esterházy, alicheza katika maonyesho ya Salomon na Haydn mwaka 1791 akiwa kijana mdogo, kisha akaingia katika utumishi wa mrithi wa ufalme. Ndiye ambaye Beethoven alicheza naye Vienna, mwaka 1803, sonata inayojulikana sasa kwa jina la mtu mwingine, Kreutzer. Vitabu vya shule zetu vilivyozungumzia muziki wa Ulaya havikumtaja, na kutotajwa huko kuna gharama yake.

Turudi kwenye lugha, kwa kuwa ndipo marejeo ya Haydn yanapotuhusu sisi zaidi. Katika miaka 1794 na 1795 alichapisha mafungu mawili ya nyimbo kwa Kiingereza, za sauti moja na kinanda. Mashairi mengi ya fungu la kwanza ni ya Anne Hunter, mke wa tabibu mpasuaji wa London. Tena alikwisha kutengeneza usindikizaji wa nyimbo za Kiskoti mia moja kwa ajili ya mchapaji William Napier, aliyekuwa katika madeni, na mwaka 1795 akaongeza nyingine hamsini. Kuandika muziki juu ya maneno ya lugha ya kigeni ni mtihani ambao hauwezi kufichwa, kwa sababu mkazo wa neno ukiangukia mahali pasipo pake kila mwenye lugha husikia. Kila mmoja wetu aliyeimba nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa kwa Kiswahili juu ya sauti za Kizungu anaijua adha hiyo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ya Kijerumani au ya Kiingereza huja na pigo lake zito penye silabi ya mwisho au ya kwanza, na neno linatoka limevunjika shingo. Haydn hakuwavunja shingo washairi wake. Kiingereza chake cha kusema kilibaki cha kigugumizi, lakini sikio lake lilikuwa limefaulu mtihani.

Alijifunza pia vinanda. Vile vya London, kama vya Broadwood, vilikuwa na sauti nzito na ndefu kuliko vya Vienna, na vingine viliongezewa funguo upande wa juu. Sonata alizozitunga kwa ajili ya mpiga kinanda Therese Jansen zaitumia sauti hiyo bila woga. Alipoondoka mwaka 1795 alichukua kinanda cha Longman na Broderip.

Msimu wa 1795 ulibadilika. Vita vilimzuia Salomon kuwapata waimbaji kutoka bara, akaacha maonyesho yake. Haydn akajiunga na yale ya King's Theatre yaliyoongozwa na mpiga fidla Viotti, yenye okestra ya watu wapatao sitini, wakati ile ya Salomon ilikuwa na kama arobaini. Tarehe 2 Februari ilichezwa simfonia namba 102. Mwishoni watu walisogea mbele kumtazama mtunzi kwa karibu, na taa kubwa ya dari ikaanguka mahali walipokuwa wameketi, hakuna aliyeuawa. Kwa muda mrefu tukio hilo lilihusishwa na simfonia namba 96, ambayo hata sasa huitwa Muujiza, jina la simfonia isiyo yake. Tarehe 4 Mei likafanyika onyesho la faida yake mwenyewe, ambalo ndani yake simfonia namba 104, ya mwisho maishani mwake, ilichezwa kwa mara ya kwanza. Aliandika daftarini kwamba usiku huo ulimpatia gulden 4.000, na kwamba jambo kama hilo lawezekana Uingereza tu. Ni karibu mara tatu ya malipo yake ya uzeeni ya mwaka mzima. Wako wanaoona aibu kutaja fedha penye sanaa. Yeye hakuona, na aliyevaa sare ya mtumishi kwa miaka mingi ana haki ya kutoona.

Mfalme George III na malkia wake walimwomba abaki, wakamwahidi makao Windsor wakati wa kiangazi. Alikataa. Sababu zilikuwa nyingi: mke aliyebaki Vienna, ingawa hawakupatana, Mwanamfalme mpya, Nikolaus wa pili, aliyetaka kuifufua okestra, uzee. Upande wa pili wa mizani alikuwako Rebecca Schroeter, mjane aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye barua zake Haydn alizinakili kwa mkono wake katika daftari, na aliyemtunukia trio tatu za kinanda. Aliondoka London tarehe 15 Agosti 1795, asirudi tena.

Alichokibeba kilikuwa kizito kuliko kinanda. Salomon alikuwa amempa maneno ya oratorio kwa Kiingereza, juu ya uumbaji wa ulimwengu, yaliyotokana na Biblia na utenzi wa Milton. Haydn alitaka kuandika kitu kama alichokisikia Westminster, muziki wa umati. Gottfried van Swieten, mkuu wa maktaba ya Kaisari, aliyatafsiri maneno hayo kwa Kijerumani, na juu ya Kijerumani hicho Haydn akatunga Die Schöpfung, iliyosikika kwanza katika jumba la Schwarzenberg mwishoni mwa Aprili 1798, na mbele ya hadhira ya kulipa mwezi Machi 1799. Hapo van Swieten akarudi nyuma: ilimlazimu apate Kiingereza kitakachokaa juu ya noti zilizokwisha kuandikwa kwa Kijerumani. Alirekebisha maneno ya awali, akahamisha haya, akapanga upya yale. Mwaka 1800 kazi hiyo ilichapwa kwa gharama ya mtunzi mwenyewe, lugha zote mbili zikiwa chini ya mstari mmoja wa noti, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa kwa kazi kubwa kama hiyo. Kati ya watu zaidi ya 400 walioagiza nakala mapema, wengi walikuwa Uingereza.

Mtunzi aliyesadiki kwamba muziki wake hauhitaji mkalimani alijitwisha basi, akiwa na miaka 67, gharama ya uchapaji wa lugha mbili. Tarehe 28 Machi 1800 Covent Garden iliimba Kiingereza hicho cha van Swieten. Tangu zamani Waingereza wamekilalamikia: vivumishi vilivyokaa nyuma ya majina kwa namna ya Kijerumani, sentensi ambazo kitenzi chake chafika kimechoka. Viongozi kadhaa wa kwaya, hata katika karne hii ya 21, wameketi na nakala ya mwaka 1800 mbele yao, wakisogeza neno moja moja lipate kuangukia pigo lake.